Nakuomba Saa Moja Tu

Mabegi matatu yalisimama sebuleni tangu mchana, lakini wenye mabegi walikuwa bado hawajakubaliana saa ya kufika bandarini kesho yake.

"Saa nane na nusu," alisema Shangazi, akimimina chai kana kwamba kikao kimekwisha. "Tunafika, tunapanda, tunaoneshwa vyumba, tunajinyoosha. Basi."

Baba aliweka kikombe chini. "Dada, saa tisa wanafunga mlango! Teksi ikipata pancha je?"

"Tutachukua nyingine. Kwani teksi ni moja mjini?"

Baba alikuwa dereva wa treni aliyestaafu mwezi uliopita. Wenzake kazini walimzawadia safari ya siku saba katika meli kubwa ya kitalii, yeye na watu wawili wa nyumbani kwake. Kwa kuwa mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, alimchagua dada yake mkubwa na binti yake wa pekee. Tiketi ilisema kwa herufi nzito kwamba abiria wangepanda kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na nafasi hiyo katikati ndiyo iliyokuwa imezua mjadala tangu chakula cha mchana.

"Tukiingia saa tano meli bado tupu," alisema Baba. "Nitaomba wanioneshe injini kabla wahandisi hawajabanwa na kazi."

"Na vyumba havifunguliwi mpaka saa saba. Jirani aliyesafiri mwaka jana kaniambia. Utazunguka na mkoba begani kama mtu anayeuza vitabu. Huku foleni, huku jua, huku watoto wanalia. Waache wenye pupa watangulie."

"Mimi nina pupa?"

"Wewe ulizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo wangu, na hujatulia tangu siku hiyo."

Binti alicheka chini kwa chini. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, anapinda pindo la gauni la Shangazi. Alikuwa fundi cherehani mwenye duka dogo mtaa wa pili, na Baba alimwita Sindano tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa jinsi maneno yake machache yalivyopenya.

Shangazi alimgeukia. "Na wewe unayecheka, unataka saa ngapi?"

"Saa tano, Shangazi."

"Nilijua! Tena si injini inayokuita wewe. Ni unga."

Sindano aliinamisha uso juu ya pindo. Hakukataa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndani ya meli ile ile alifanya kazi mwokaji mikate ambaye wenzake walimwita Hamira, kwa kuwa bila yeye, walisema, hakuna kitu kinachoumuka. Mwaka mmoja nyuma, meli ilipotia nanga, aliingia dukani kwa Sindano na koti la kazi lililoungua mkono. Alipolifuata hakulijaribu mwilini kama wateja wengine. Aliligeuza nje ndani, akapitisha kidole juu ya mshono, kisha akasema, "Umeshona ndani vizuri kama nje. Nani atakuja kuona huku?" Sindano akajibu, "Mimi nitakuwa nimeona." Hamira aliinua macho, akamtazama kwa muda mrefu kuliko mteja anavyomtazama fundi. Tangu siku hiyo kila meli ilipotia nanga alikuja dukani, na mara nyingi hakuwa na nguo yoyote ya kushonwa.

"Mtu wa meli ni mtu wa meli," Shangazi aliendelea. "Leo yuko hapa, kesho yuko hewani."

"Majini, Shangazi."

"Huko huko! Ukiumwa jino usiku, atakushika mkono kwa simu?"

Simu ya Sindano iliyokuwa juu ya meza ililia. Shangazi alikuwa karibu nayo, na macho yake, ambayo daima alilalamika kwamba hayaoni, yaliona vizuri sana.

"Huyu hapa, Hamira wako." Akasoma kwa sauti, akivuta kila neno. "'Njoo mapema uwezavyo, kabla sijawajibu wakubwa. Nakuomba saa moja tu.'" Akashusha simu. "Anakuomba saa! Mwanamume mzima anaomba saa ya mkononi! Na ukimpa hiyo, kesho ataomba redio."

"Shangazi, jamani!"

"Lete nione," alisema Baba, akavaa miwani. Alisoma kama alivyozoea kusoma ratiba, kidole kikifuata mstari. "Si saa ya mkononi. Anakwambia ufike saa moja. Saa moja asubuhi. Si kasema 'mapema'?"

"Milango inafunguliwa saa tano, Baba. Nadhani anaomba muda. Saa moja ya kuongea naye."

"Unadhani?"

Sindano alichukua simu, akaandika haraka: *Saa moja ipi?* Ujumbe ulibaki na alama moja. Akapiga, lakini mtandao ulikuwa umekatika. Meli ilikuwa imekwisha kuingia bahari kuu na isingeshika mtandao tena mpaka itie nanga alfajiri.

"Na hao wakubwa anawajibu nini?" Baba aliuliza.

Sindano alichomeka sindano kwenye kitambaa, akaweka gauni pembeni. Alikuwa amelificha jambo hili wiki nzima.

"Mkataba wake unakwisha safari hii. Wanataka kumhamishia meli kubwa zaidi, upande wa pili wa dunia, miaka miwili bila kurudi huku. Anatakiwa kujibu kesho kabla ya saa sita mchana. Ameniambia hatasaini wala hatakataa kabla hajaniona. Na safari ikishaanza haruhusiwi kukaa na abiria. Kwa hiyo nisipomwona kesho kabla ya saa sita, Baba, atajibu peke yake."

Shangazi alikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa.

"Basi saa tano inatosha," alisema hatimaye, kwa sauti iliyopungua ukali. "Hata mimi nakubali saa tano, ingawa jua litaniua. Lakini saa moja? Utaenda kukaa getini saa nne nzima kwa ujumbe usioeleweka?"

"Nimelifikiria," alisema Sindano. "Kama aliomba muda, nami nikafika saa moja asubuhi, nitasubiri tu. Nitachoka, basi. Lakini kama alisema saa moja asubuhi, nami nikafika saa tano, atakuwa amesimama pale akinitazamia, na ataamini sikutaka kuja. Siwezi kujua lipi ni kweli. Ila nikikosea, nataka kosa liniumize mimi, lisimuumize yeye."

Baba alivua miwani. Aliishika mkononi, akiifunga na kuifungua.

"Mama yako aliniomba saa moja mara nyingi," alisema. "Kaa kidogo, aliniambia, saa moja tu, tuongee. Mimi nikatazama ukutani, nikavaa kofia. Treni haikuchelewa hata siku moja. Wamenipa na cheti." Akaitazama miwani. "Sikumbuki kama niliwahi kumpa hiyo saa."

Shangazi alinyoosha mkono, akamgusa mdogo wake begani.

"Tutaondoka saa kumi na mbili," alisema Baba. "Mimi na Sindano. Wewe Dada njoo saa nane na nusu yako, na mabegi yote."

"Nitakuja," alisema Shangazi. "Kumkeshea mwokaji siwezi. Lakini binti, vaa lile gauni la maua ya njano. Kama unakwenda kufanya wazimu, ufanye ukiwa umependeza."

*

Meli ilisimama gatini nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, kama mtaa mzima uliosimamishwa wima. Nje ya geti kulikuwa na banda la kusubiria lenye mabenchi ya chuma, na hakukuwa na abiria hata mmoja. Mlinzi, mama mnene mwenye filimbi shingoni, aliwatazama wakija, akatazama saa yake, akawatazama tena.

"Dada, kupanda ni saa tano."

"Najua, mama."

"Na sasa hivi ni saa moja kasoro dakika kumi."

"Hilo nalo najua."

"Basi unajua mengi. Kulala tu ndiko hujui." Akamgeukia Baba. "Na wewe Mzee umekubali kuburutwa?"

"Nimekuja kwa hiari yangu," alisema Baba, akiketi na mkoba magotini.

Sindano alisogea karibu na geti. "Mama, namsubiri mwokaji wa meli hii. Wanamwita Hamira."

Uso wa mlinzi ulifunguka. "Yule anayesalimia hadi paka wa getini? Ngoja." Akainua redio ya mkononi, akazungumza kwa sauti ambayo ingefika melini hata bila redio. "Jikoni! Mwambieni Hamira ana wageni getini. Mmoja mzee. Mwingine, mwambieni, asipokuja mwenyewe namwoza mwanangu!"

Hazikupita dakika tano, Sindano akamwona. Alikuja kwa mwendo wa kukimbia, aproni kiunoni, mikono myeupe hadi viwikoni, unga kwenye nyusi. Alikuwa amefanya kazi tangu watu walipolala, simu ikiwa kabatini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa joto la tanuri, na bado Sindano aliona jambo alilokuwa akilipenda kwake tangu mwanzo: hata akikimbia, alibeba mikono yake kwa uangalifu, mbali kidogo na mwili, kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani.

"Kuna nini?" Hamira alishika vyuma vya geti, akihema. "Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Sasa mbona saa hizi? Mzee, shikamoo."

"Marahaba," alisema Baba.

"Si uliomba saa moja?" Sindano alisema. "Ndiyo hii."

Hamira alimtazama. "Niliomba saa moja," alisema polepole. "Saa moja. Siyo saa moja."

Mlinzi aliangua kicheko hadi filimbi ikarukaruka kifuani.

"Kijana, hebu rudia," alisema Baba. "Hapo umetuacha kituoni."

"Muda, Mzee! Dakika sitini. Nilitaka mpande wa kwanza saa tano, ili niongee naye mpaka saa sita, ndipo nipeleke jibu." Akamgeukia Sindano. "Ina maana umeamka alfajiri kwa sababu ya uandishi wangu mbaya?"

"Nilijua huenda umeomba muda."

"Ulijua? Na ukaja?"

"Nilijua huenda. Sikuwa na hakika. Sikutaka usimame hapa peke yako ukiangalia barabara."

Hamira aliinamisha kichwa, paji la uso likagusa chuma cha geti, na alipokiinua alikuwa na mstari wa kutu juu ya unga. Sindano alitamani kuupangusa. Vyuma vilikuwa vimesongamana mno.

"Zamu yangu imekwisha sasa hivi," alisema Hamira. "Naweza kutoka mpaka saa tano. Ngojeni."

Alirudi mbio melini. Alipotoka alikuwa amenawa uso, na mkononi amebeba kitu kilichofungwa katika kitambaa safi. Mlinzi alimfungulia geti dogo, akajifanya anatazama bahari. Hamira aliketi kwenye benchi, si karibu sana, kwa heshima ya Mzee aliyekuwa benchi la pili, akafungua kitambaa. Mkate mdogo wa mviringo ulitoa mvuke. Alimkatia Baba nusu kwanza, kisha akampa Sindano nusu ya pili.

Sindano alitafuna. Ganda lilipasuka kwa sauti ndogo, na ndani kulikuwa laini, na moto bado. Alifumba macho bila kutaka. Alipoyafumbua, alimkuta Hamira akimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeona kitu kikipita angani.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Sijawahi kuona."

"Kuona nini?"

"Mtu akiula." Alitazama viganja vyake. "Miaka sita, Sindano. Kila siku naoka mikate ya watu elfu mbili. Naipanga kwenye lifti, naifunga, inapanda juu. Wakati wanakula mimi nimelala. Ninachorudishiwa ni sahani zenye makombo. Nilijua wanakula. Sikujua kwamba mtu hufumba macho."

Sindano alifikiria mikono ile ikifanya kazi gizani kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kuiona, na haikuwahi kufanya vibaya kwa sababu hiyo. Yeye angalau aliwaona maharusi wakijigeuza mbele ya kioo.

"Wakubwa wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema meli ile ina matanuri manane. Nitakuwa mkuu wa waokaji." Akavuta pumzi. "Niambie nisiende. Sema neno moja tu, nitakataa."

"Sitasema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikikwambia shuka, ukashuka, siku mambo yatakapokuwa magumu nchi kavu utanitazama mimi. Hutasema kitu, wewe ni mpole. Lakini utanitazama."

"Basi niambie niende."

"Hilo nalo silisemi. Mikono ni yako."

"Sindano, umeamka alfajiri yote hii kuja kuniambia kwamba huniambii kitu?"

Kwenye benchi la pili Baba alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Nimekuja kukuambia hivi," alisema Sindano. "Ukisaini, nitakusubiri. Miaka miwili si mingi. Siku utakayorudi nitakuwa kwenye banda hili, na nitafika mapema, uwe umeomba muda au umetaja saa. Kwa hiyo usikatae kwa kuogopa kunipoteza. Hofu hiyo nimeiondoa. Sasa niambie unachokitaka wewe."

Hamira aligeuka, akaitazama meli. Mlinzi alikuwa ameacha kujifanya anatazama bahari.

"Nataka dirisha," alisema Hamira.

"Dirisha?"

"Tunakooka ni chini kabisa, hakuna hata tundu. Nataka mahali padogo, tanuri moja tu, penye dirisha. Nitoe mkate, niinue macho, nimwone anayekula. Na upande wa pili wa ukuta nisikie cherehani." Akameza mate. "Ndicho ninachokitaka. Nilikuwa nacho muda mrefu. Nilidhani ni kidogo mno kukitaja."

"Si kidogo," alisema Sindano.

Waliongea mpaka jua likapanda juu ya paa la banda. Waliongea juu ya kuni na umeme, juu ya unga unaokubali na unaokataa, juu ya mashine ya pili ambayo Sindano alitaka kuinunua. Baba alisinzia, akaamka, akamuuliza Hamira kama aliwahi kuchelewesha mkate. Hamira akasema mara moja, tanuri lilipozimika, na kwamba alikwenda juu mwenyewe kuomba radhi meza kwa meza kabla msimamizi hajamrudisha chini. Baba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyoitikia mtu mwenye cheti ambaye anamtambua mwenziwe.

Saa tano kamili geti lilifunguliwa. Foleni ilikuwa imekwisha kuwa ndefu nyuma yao, na Sindano akawa mtu wa kwanza kukanyaga ngazi.

*

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na zulia zito na makochi ya bluu. Hamira, aliyekuwa amebadili nguo na kuvaa koti safi, alisimama mbele ya mlango mdogo wenye kibao cha utawala, fomu mkononi. Aliwatazama mara moja, akaingia.

Sindano na Baba walikaa. Abiria waliingia wakishangaa taa, wakipiga picha. Sindano hakuona taa wala watu. Alikuwa anautazama ule mlango, na alikuwa tayari kwa majibu yote mawili, au alijiambia hivyo.

Saa sita kasoro robo Hamira alitoka. Fomu ilikuwa bado mkononi mwake. Alikuja akasimama mbele ya kochi, mikono nyuma, kwa kuwa wafanyakazi hawakuruhusiwa kuketi ukumbini.

"Umejaza?" aliuliza Sindano.

"Nimejaza. Nimeandika hapana. Nashuka mwisho wa safari hii, siku ile ile na nyinyi." Tabasamu lake lilianza, kisha likasita. "Ila wameirudisha. Kuna mahali wanauliza barua na mzigo wangu vipelekwe wapi. Miaka sita nimekuwa naandika jina la meli." Akamgeukia Baba, na masikio yake yakawa mekundu. "Mzee, naomba unisamehe. Nimeandika mtaa wenu. Kalamu ilitangulia kabla sijakuomba ruhusa."

Baba alinyoosha mkono. "Hebu."

Akavaa miwani. Kidole kilifuata mstari, kikafika mwisho, kikasimama.

"Namba ya nyumba haipo."

"Siijui, Mzee. Mimi naijua njia ya dukani tu. Nimeacha nafasi."

Baba alimtazama binti yake. Uso wake wote ulikuwa umefunguka, na Baba, aliyetumia maisha yake kusoma taa za mbali, aliusoma bila shida. Akarudisha fomu.

"Thelathini na mbili," alisema. "Lakini mlango ni wa kijani. Waandikie kabisa, maana wa bluu ni wa jirani, mzigo wako utapotea. Fanya haraka, saa sita wanafunga."

Hamira hakuruhusiwa kukimbia mbele ya abiria. Alitembea kwa hatua ndefu kuliko zote alizowahi kupiga, akafika mlangoni, akageuka.

"Mlango wa rangi gani?"

"Kijani," alisema Sindano.